Tawi haliwezi kuzaa peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako niseme na wenzangu wanaotumika kanisani: wanakwaya, walimu wa shule ya Jumapili, wazee, wahubiri, waombeaji. Wengi wamechoka, na dawa wanayopewa ni kuongezewa: mkesha mwingine, semina nyingine, kamati mpya. Tunatibu ugonjwa ambao sio.

Katika Yohana 15 Yesu alijifananisha na mzabibu, na wafuasi wake na matawi yanayopaswa kukaa ndani yake. Mzabibu ni mti ambao mbao zake hazina kazi. Ezekieli 15 inauliza kama mtu anaweza kupata humo hata chango cha kutundikia chombo. Mwerezi ukikatwa utajengewa nyumba. Tawi la mzabibu likikatwa ni kuni. Kwa hiyo aliposema "pasipo mimi ninyi hamwezi kufanya neno lo lote", hakuwa akitia chumvi.

Kinachotudanganya ni kwamba tawi lililokatwa halinyauki papo hapo. Hubaki bichi kwa muda, kwa maji yaliyokuwamo. Mhubiri aliyeacha kuomba miezi 3 anaweza bado kuhubiri vizuri, maana sauti, uzoefu na maandalizi ya zamani vingalipo. Dalili huanzia nyumbani: hasira za karibu, kinyongo mwenzake akisifiwa, kununa asipotajwa, na kufungua Biblia pale tu anapotafuta somo la kufundisha. Hii ya mwisho ndiyo mbaya kuliko zote, kwa kuwa kwa nje inafanana na uchaji. Ni kuwapikia wengine kila siku huku mwenyewe unashinda njaa.

Basi kukaa ndani ya Kristo ni kufanya nini? Mstari wa 7 na wa 10 wa Yohana 15 inajibu: maneno yake yakae ndani yetu, nasi tuzishike amri zake. Chagua kitabu kimoja, tuseme Injili ya Marko yenye sura 16, na utenge nusu saa kabla hujagusa simu. Soma mistari 10 hadi 15 tu, mara mbili, mara ya pili kwa sauti. Uliza kwanza kifungu kinamwonyesha Kristo kuwa nani, ndipo uulize kinakutaka ufanye nini. Wengi hugeuza mpangilio huu, na baada ya wiki chache Biblia yote inakuwa kama hati ya madai, wakaikimbia. Kisha chukua mstari mmoja uufanye ombi, ukitaja majina na mambo halisi ya siku hiyo. Mwisho tii jambo moja siku ileile. Kama ni kumwomba mtu radhi, usilaze. Na kifungu hicho kisiwe kile utakachofundisha Jumapili.

Liko na suala la kupogolewa, ambalo hatupendi kulisikia. Yesu alisema tawi lizaalo ndilo linalosafishwa. Mkulima wa zabibu hukata sehemu kubwa ya matawi yaliyoota msimu uliopita, mazima kabisa. Akiyahurumia, mti hujaa majani na vishada vingi vyenye zabibu ndogo, chachu. Mtumishi mwenye majukumu 5 huenda anatakiwa abaki na 2. Mitume katika Matendo 6 waliwakabidhi watu 7 huduma ya mezani ili wao wadumu katika kuomba na Neno. Yesu mwenyewe, katika Marko 1, aliondoka alfajiri kwenda kuomba. Alipoambiwa watu wote wanamtafuta, alielekea miji mingine.

Atakayesema mafundisho haya yanazaa uvivu asome Wakolosai 1:29. Paulo alijitaabisha, ila kwa nguvu za Kristo zilizokuwa zikifanya kazi ndani yake. Jasho lilikuwepo, chanzo chake ndicho kilichokuwa kingine.

Na matunda tuyapime kwa kipimo kinachofaa. Idadi ya waliohudhuria na kiasi cha sadaka ni rahisi kuhesabu, lakini katika Mathayo 7 wapo waliotoa pepo na kufanya miujiza, wakaambiwa hawakujulikana kamwe. Wagalatia 5 inataja matendo ya mwili kwa wingi, kisha tunda la Roho, moja, lenye sifa 9, kuanzia upendo hadi kiasi. Upole wa mwalimu mbele ya mtoto msumbufu ni ripoti nzuri kuliko daftari la mahudhurio.

Ombi langu ni kwa kamati zinazopanga kazi za mwaka. Kabla ya kufika kwenye bajeti, mwulizeni kila mtumishi: ni nani anayesoma na kuomba pamoja nawe? Asiye na mtu atafutiwe mmoja. Na aliyekauka apumzishwe miezi 3 bila kuaibishwa, zamu yake ishikwe na mwingine, hata kama huyo mwingine hataifanya kwa ustadi uleule.

Msomaji wako na mtumishi mwenzenu