Tusilazimishe sura ya vijenzi vya tayari

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo wenye nyumba za wageni, madrasa na maduka hapa Lamu wamekuwa wakililalamikia bila ya kujua chanzo chake, nalo ni kwamba tovuti wanazotengenezewa hupendeza siku ya kukabidhiwa, kisha baada ya muda vitufe hupoteza rangi, kalenda ya kuwekea nafasi hupanguka, na fundi huomba malipo mengine kana kwamba ni kazi mpya. Lawama hutupiwa mtandao au simu ya mteja. Mara nyingi kosa haliko huko, bali liko katika namna mafundi wetu wanavyobadilisha sura ya vijenzi, yaani vipande vya ukurasa kama vitufe na menyu, ambavyo hawakuviunda wao.

Ieleweke kwanza kwamba ni nadra siku hizi fundi kuunda kitufe, menyu au kalenda tangu mwanzo. Huchukua maktaba ya vijenzi vilivyokwisha tengenezwa, kama vile Bootstrap, iliyotolewa mwaka 2011 na wafanyakazi wa Twitter, Mark Otto na Jacob Thornton, au zile zinazofuata Material Design, mtindo uliotangazwa na Google mwaka 2014. Sioni ubaya wowote katika hilo. Wanaosema kwamba ni uvivu, nadhani hawajawahi kukaa chini wakaunda kalenda ambayo mtu asiyeona anaweza kuitumia kwa msaada wa programu ya kusoma skrini, na ambayo pia hufuata vishale vya kibodi bila kukosea.

Tatizo huanza mwenye nyumba anapoona tovuti yake ina vitufe vya buluu sawasawa na vya jirani yake, akataka rangi zake mwenyewe. Ombi hilo ni la haki. Lakini fundi mwenye haraka hufungua kivinjari, akachungulia jina la ndani la kijenzi, kisha akaandika kanuni yake juu ya ile ya maktaba. Lugha ya CSS, inayoeleza sura ya kurasa za tovuti na ambayo kiwango chake cha kwanza kilipitishwa mwaka 1996, ina utaratibu wa kupima uzito wa kanuni: inayolenga kitu kwa umahususi zaidi ndiyo inayoshinda. Kanuni ya fundi ikishindwa, huiongezea uzito kwa kurundika majina ya vitu inavyovilenga, na ikishindwa tena humalizia na tamko la !important, ambalo hupita juu ya kanuni zote za kawaida. Atakayekuja baada yake hatakuwa na njia ila kutumia tamko hilo hilo, na baada ya muda faili huwa ni uwanja wa kanuni zinazokanyagana, ambapo hakuna anayethubutu kufuta hata mstari mmoja.

Na maktaba hazikai palepale. Toleo la 5 la Bootstrap, lililotoka mwaka 2021, lilibadilisha majina ya klasi (majina ambayo kanuni hushikia) za nafasi za pembeni, kwa mfano ml-3 ikawa ms-3, kwa sababu watengenezaji walitaka zitaje mwanzo na mwisho wa mstari badala ya kushoto na kulia, ili kurasa za Kiarabu na lugha nyingine zinazoanzia kulia zipangike vizuri. Kwetu sisi wenye madrasa zinazotaka kurasa za Kiarabu kando ya za Kiswahili, hayo yalikuwa mabadiliko ya kheri. Ila aliyekuwa amefunga kanuni zake kwenye majina ya zamani, alipohamia toleo hilo alikuta hazishiki chochote. Zipo pia maktaba ambazo majina yake ya ndani huzalishwa na programu yenyewe wakati wa kujenga mradi, yakawa ni herufi na tarakimu zisizo na maana, na toleo jipya likija huenda yakawa mengine kabisa.

Njia iliyo sawa ipo, na watengenezaji wa maktaba wameiacha wazi kwa makusudi, kama fundi cherehani anavyoacha kitambaa cha ziada kwenye pindo la kanzu ya dukani ili mnunuzi airefushe bila ya kuikata upya. Njia hiyo ni vigeu vya CSS, ambavyo tangu mwaka 2017 vinafahamika katika vivinjari vyote vikuu. Kigeu ni jina linaloanza kwa vistari viwili na kubeba thamani, iwe ni rangi, ukubwa wa herufi au mviringo wa pembe, na kijenzi hukisoma wakati kinapochorwa. Bootstrap toleo la 5.2, la mwaka 2022, liliviingiza katika vijenzi vyake vingi: --bs-btn-bg hubeba rangi ya kitufe, na --bs-btn-hover-bg hubeba rangi yake pale kishale cha kipanya kinapokigusa. Fundi akikusanya thamani hizi katika faili moja la mandhari, anaweza kubadilisha sura ya tovuti nzima bila ya kugusa kijenzi hata kimoja.

Kuna vijenzi vingine vilivyofungwa ndani ya ukuta wao, ambamo kanuni za nje hazipenyi, isipokuwa sifa zinazorithiwa kama rangi ya maandishi, vigeu, na sehemu ambazo mtengenezaji mwenyewe amezipa majina ya kuonekana nje. Wenzangu wengi huudhika navyo. Mimi naona watengenezaji hao wamefanya vyema, kwa kuwa wametamka waziwazi ni kipi wanaahidi kutokibadilisha. Na pale mteja anapotaka sura iliyo mbali mno na ya asili, ni afadhali fundi achague maktaba inayotoa mwenendo wa kijenzi pekee bila mapambo, kuliko kuking'ang'ania kijenzi kilichokwisha kuvishwa.

Hata hivyo, njia sahihi haimzuii mtu kuchagua rangi mbaya, na hapa wateja nao wana sehemu yao. Wengi hupenda feruzi, kwa kuwa ndiyo rangi ya bahari yetu, wakataka maandishi meupe juu yake. Mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa tovuti, unaojulikana kama WCAG, tangu toleo lake la mwaka 2008 unataka utofautishaji wa mwangaza wa 4.5 kwa 1 baina ya maandishi ya kawaida na mandharinyuma yake, na 3 kwa 1 kwa maandishi makubwa. Nyeupe juu ya feruzi yenye namba ya rangi #40E0D0 haifiki hata 2 kwa 1. Msafiri anayesubiri boti Mokowe saa sita za mchana, simu mkononi na jua utosini, hataona ameandikiwa nini. Kosa linalofanana na hilo ni kuondoa mstari unaozunguka kitufe kilichoteuliwa kwa kibodi, eti kwa sababu unaharibu urembo. Kwa asiyeweza kutumia kipanya, huko ni kumzimia taa.

Kwa hiyo, Mhariri, nawashauri wanaolipia kazi hizi, wakiwemo maafisa wa umma, waandike katika mapatano yao kwamba faili la mandhari litakabidhiwa pamoja na tovuti, kwamba toleo la maktaba iliyotumika litatajwa, na kwamba kila pahali fundi alipolazimika kutumia tamko la !important pawe na maelezo ya sababu. Asiyejua kusoma msimbo naye anaweza kupima kazi kabla ya kulipa fungu la mwisho: amwombe fundi abadilishe rangi kuu mbele yake, mahali pamoja tu, kisha wafungue ukurasa wa mwanzo, kalenda, fomu ya malipo na ujumbe wa makosa, waone kama vyote vimefuata.

Wako mtiifu,
Mtengenezaji wa tovuti,
Langoni, Lamu