Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wakuza kaktasi,

Shughuli za kawaida mnazifahamu. Vikao vya robo mwaka vilifanyika, Nane Nane tulishiriki viwanja vya Themi, Arusha, neti ya kivuli ya kitalu ilibadilishwa. Mapato shilingi 2,340,000, matumizi 2,115,000, salio 225,000 lipo benki.

Sasa suala la shina la dragoni, yaani kaktasi ya tunda la dragoni ambayo tulikuwa tukipandikizia kaktasi nyingine juu yake, maana maneno yamekuwa mengi. Mwezi Machi kamati iliamua kitalu cha chama kisibebeshe tena kaktasi za vichwa vyekundu na vya njano juu ya dragoni, bali juu ya San Pedro, kaktasi ndefu kama nguzo. Wapo wanaosema mwenyekiti ameua biashara. Dragoni huota mizizi upesi na vipando vyake ni vya bure, hilo halina ubishi. Lakini vichwa vile havina klorofili, ile rangi ya kijani inayoutengenezea mmea chakula. Tangu Eiji Watanabe alipovikuza Japani miaka ya 1940, vinaishi kwa kulishwa na shina la kijani. Shina likifa, navyo vinakufa. Dragoni ni mmea wa joto. Baridi yetu ya Juni hadi Agosti ikikaribia nyuzi 10 na udongo ukiwa umelowa, huoza kuanzia chini. Mteja wa Mei anarudi Agosti na kopo la ute mweusi, na jina linalochafuka ni la chama. San Pedro imetoka milima ya Andes, baridi inaijua.

Vipando vya San Pedro vya kuanzia nilivitoa shambani kwangu bila kudai senti. Mafunzo ya kubebesha niliyaendesha mwenyewe: kisu kifutwe kwa spiriti, kingo za shina zichongwe mshazari, kwa sababu nyama hunywea kuliko ngozi na ngozi hukinyanyua kichwa kikabanduka, duara la mishipa linaloonekana katikati ya mkato wa juu ligusane na la chini, mpira ubane, kisha chungu kikae kivulini na kidonda kisiguswe na maji. Walihudhuria 9 kati ya wanachama 41. Wanaolalamika zaidi sikuwaona siku hiyo.

Ada ndiyo inayoniumiza. Waliolipa ni 17 tu. Mikutano miwili iliahirishwa kwa kukosa akidi, huku wasiolipa wakiendelea kuchukua vipando kitaluni. Kamati haiwezi kununua pumisi, yale mawe mepesi ya kuchanganya na udongo, wala dawa ya vidung'ata kwa ahadi.

Mwakani, Mungu akijalia, tunatarajia kupata eneo kubwa zaidi na kuzungumza na hoteli kuhusu soko. Wenye madeni wamwone mhazini kabla ya mkutano mkuu. Asiyelipa hatapiga kura.

Mwenyekiti