Mwanangu, hiyo 85 iache kwanza

Mwanangu Salma,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Huku Tanga hatujambo, ila bibi yako na magoti yake, kama unavyojua. Ile sauti yako ya dakika saba ya WhatsApp nimeisikiliza mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi, nikaona jibu lake haliwezi kuenea kwenye simu. Ndiyo maana nimetafuta karatasi.

Unasema umepata lenzi iliyotumika ya 85mm (hiyo namba ikikua, lenzi inavuta vitu karibu zaidi), muuzaji anataka laki saba, na kwamba kila anayepiga picha nzuri za sura anayo. Unataka nikuongezee laki nne. Mwanangu, mimi nimepiga sura za watu miaka 23 pale Barabara ya 13, kwa Pentax K1000 moja na lenzi ya 50mm ambayo pete yake ilikuwa imelegea. Ada zako za shule zilitoka humo. Kwa hiyo nipe nafasi niseme kabla hujamwambia huyo bwana akuwekee.

Nianze na aibu yangu. Harusi moja ya Ngamiani, nikiwa bado mgeni wa kazi, niliazima lenzi ya 28mm kwa sababu chumba cha bibi harusi kilikuwa kidogo na ndugu wamejaa hadi mlangoni. Nikamsogelea bibi harusi mpaka nikasikia udi wake, nikapiga. Filamu iliposafishwa, shangazi mtu akaiangalia picha kwa muda mrefu, akaniuliza: "Huyu ni nani mliyetuletea?" Pua imekuwa kubwa, masikio yamekimbilia nyuma, paji la uso limevimba. Nililia njia nzima kurudi nyumbani, na pesa sikulipwa.

Nilichukua miaka kuelewa kilichotokea. Pua ya mtu iko mbele ya sikio lake kwa sentimita kumi hivi. Ukisimama nusu mita kutoka usoni, hizo sentimita kumi ni sehemu ya tano ya umbali wote, na kamera itaionyesha tofauti hiyo bila huruma. Ukirudi nyuma mita mbili, sentimita zile zile ni sehemu ya ishirini tu, na uso unatulia, unakuwa uso tunaoujua. Pua iliharibiwa na mahali niliposimama, na mahali pale palichaguliwa na lenzi, kwa maana 28mm inakuvuta umkaribie mtu ili ajaze picha.

Basi ukitaka lenzi ya sura, jiulize: itanisimamisha wapi? Kamera yako, hiyo Canon 700D, sensa yake, kile kibamba kinachopokea picha mahali pa filamu, ni ndogo kuliko filamu niliyokuwa natumia, kwa hiyo kila lenzi inakata picha kama iliyorefushwa mara 1.6. 50mm kwako inaona kama 80mm kwenye Pentax yangu. Mtu kuanzia kifuani kwenda juu, utasimama kama mita moja na nusu. Hapo ni pazuri: hujambana, na bado mnaongea bila kupaza sauti. Hiyo 85 kwako inakuwa kama 136. Kumpiga mtu mzima, kichwa mpaka viatu, utahitaji kurudi nyuma zaidi ya mita sita. Chumba chenu cha hosteli kina mita ngapi? Utapigia dirishani, au utoke koridoni umpige mteja kupitia mlangoni. Hata kwa 50 utahitaji mita nne na ushee kwa mtu mzima, lakini hizo veranda inazo.

Najua kinachokuvutia ni ile nyuma inayofifia. Hiyo hata 50mm f/1.8 inakupa; f ni kipimo cha tundu la kupitishia mwanga, na namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa. Ile 18-55 iliyokuja na kamera, ukiivuta mpaka mwisho, tundu lake halifunguki kupita f/5.6. Hii ya f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi. Jioni, sebuleni, pale 18-55 inapokulazimisha kupiga kwa 1/15 ya sekunde na mtoto anatoka kama moshi, hii itakupa 1/125 na mtoto atatulia kwenye picha hata kama mwenyewe hajatulia.

Ila usije ukanipigia simu kwamba lenzi ni mbovu. Kwa f/1.8, ukiwa mita moja na nusu, sehemu inayotoka kali haizidi sentimita sita. Jicho likiwa kali, sikio limeshapotea. Mteja akipumua tu mbele au nyuma, fokasi imehamia kwenye nyusi. Weka alama ya fokasi juu ya jicho lililo karibu nawe, kisha funga tundu hadi f/2.8 mpaka mkono uzoee. Wakiwa wawili, anzia f/4 na uwapange mstari mmoja. Wanaoanza wote wanang'ang'ania 1.8 kwa sababu wameilipia. Mimi pia nilikuwa hivyo na f/2 yangu.

Ukienda dukani utakuta 50mm za Canon za aina mbili zinazofanana. Ile ya zamani wanaiita II, ya tangu 1990: sehemu inayojifunga kwenye kamera ni ya plastiki, na mota yake inalia kama panya kwenye gunia. Ya 2015 imeandikwa STM, mdomo wake ni wa chuma, haipigi kelele, na inakubali kumkaribia mtu hadi sentimita 35. Tafuta STM. Asikuuzie RF, hiyo ni ya kamera za Canon zisizo na kioo cha ndani (mirrorless), kwako haivai kabisa. Na mwambie yule rafiki yako wa D3200 kwamba kwa Nikon atafute iliyoandikwa AF-S, yaani yenye mota yake ndani. Ile 50mm f/1.8D ni nafuu lakini kwenye kamera yake haitajilenga yenyewe, maana kamera haina mota ya kuisukuma.

Ya mtumba sikukatazi, mradi uende na kamera yako na uende mchana. Washa tochi ya simu, uimulike lenzi kwa nyuma, utazame kwa mbele. Vumbi kidogo si neno. Ukiona nyuzi nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, irudishe mezani hata kama bei imeshuka nusu. Sisi watu wa pwani tunaijua: lenzi ikikaa kabatini masika mbili bila kuguswa, kuvu inaota. Yako uiweke kwenye kopo lenye mfuniko na vile vifuko vya silika jeli vinavyokuja na viatu.

Lakini kabla ya yote hayo, nina sharti. Chukua selotepu, ifunge hiyo 18-55 kwenye alama ya 50, usiiguse wiki nzima. Piga wenzako, mama ntilie, yeyote. Ukitaka mtu awe mkubwa, tembea. Ukitaka awe mdogo, rudi. Kama wiki ikiisha na miguu yako bado inakuambia unataka kukaa mbali zaidi, niambie, tutaizungumza hiyo 85 kwa heshima yake. Mimi nadhani haitafika huko.

Muuzaji mmoja niliyemuuliza STM mpya ameniambia laki tatu na nusu. Nakutumia laki mbili Ijumaa, iliyobaki utoe kwenye zile picha za mahafali ulizolipwa na hukuniambia. Baba yako mdogo ndiye aliyenidokeza, usimkasirikie.

Bibi yako amekaa hapa ananisikiliza nikisoma. Anauliza kama hiyo lenzi mpya itamwondolea makunyanzi. Nimemwambia itayahesabu moja moja. Amesema basi ukija uje na ile ya zamani.

Mama yako