Mbao zimekatwa, mbona rafu ya jikoni bado iko karakana?

"Mbao mlizikata Jumatatu, nimeziona kwa macho yangu, hizi siku nyingine zote ninalipia nini?" Swali hili hatulisikii kwa mara ya kwanza, ila safari hii aliyeliuliza aliondoka akiamini kwamba tunamchelewesha ili tupate sababu ya kumwongezea bei. Tunamjibu hapa kwa utulivu ambao siku ile hatukuwa nao.

Kukata ni sehemu ndogo ya kazi. Miguu na madaraja ya rafu tunaviunganisha kwa ulimi na tundu, yaani ncha iliyochongwa ya ubao mmoja huingia kwenye shimo la mwingine, na kabla ya kutia gundi tunaisimamisha ikiwa kavu, tukapima kona kwa kona pande zote mbili. Vipimo viwili visipolingana, fremu imekwenda upande, na gundi ikishashika hakuna nyundo itakayoirudisha. Gundi nyeupe tunaibana kwa klempu kwa muda wa saa nzima, kisha rafu haibebeshwi kitu mpaka saa 24 zipite. Gundi inayofurika kwenye kiungo hufutwa papo hapo kwa kitambaa chenye maji, kwa sababu mahali ilipokaukia mbao hainywi rangi, na vanishi ikipita juu yake doa huonekana kama kovu. Baada ya hapo ni msasa: namba 80, 120, halafu 180, kutoka wa kukwaruza hadi ulio laini, kwa kufuata nyuzi za mbao, na mwisho vanishi nyepesi mara tatu, kila mkono ukisubiri ule uliotangulia ukauke.

Hapo ndipo wengi hutaka kuokoa fedha: "Nipeni hivyo hivyo nyeupe, vanishi nitapaka mwenyewe." Mteja mmoja aliichukua rafu yake hivyo, akaanza kupanga sufuria zenye maji jioni ile ile, na alipopata nafasi ya kupaka vanishi alipaka panapoonekana tu. Chini ya madaraja hakugusa, wala ncha za miguu, ambako nyuzi zimekatwa na mbao hunyonya maji ya kudekia kama mrija. Upande mmoja wa ubao ukawa umezibwa na mwingine unavuta unyevu, na ubao ukapinda. Rafu ilipoanza kuyumba akapigilia misumari ya chuma katikati ya ulimi. Ulimi ukapasuka, na maji yalipoufikia msumari, mbao ikaota weusi pembeni yake. Aliirudisha akisema tulimuuzia mbao mbovu. Tuliifungua yote, tukachonga miguu miwili mipya na kurudia msasa tangu namba 80, na alilipa zaidi ya umaliziaji alioukataa mwanzo. Hatukufurahia kumdai, lakini ile ilikuwa kazi ya pili.

Anayetumia mafuta ya kitani badala ya vanishi, tunamwomba atandaze nje vitambaa alivyopakia mafuta hayo vikauke, kwani vikikunjwa na kurundikwa hujipasha joto na vinaweza kuwaka moto vyenyewe.

Bado hatumkatalii anayetaka rafu nyeupe. Kuanzia sasa, hata hivyo, haitoki mlangoni kabla hatujapaka ncha za miguu na chini ya kila daraja, bila malipo, na kwenye risiti tutaandika ni sehemu zipi zimebaki mikononi mwa mteja.