Barua kwa mwanangu: ukibadilisha filamu, usiwaache watu njiani

Mwanangu mpenzi,

Huku Changamwe sote wazima. Mguu wa nyanya yako umepungua kuuma, na mvua imetuachia tope mpaka mlangoni. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza. Unasema filamu ya madereva wa matrela imekwama, muhula unakimbia, na sasa wataka kuigeuza iwe ya mama yako na kibanda chake cha chapati. Umeniuliza kama naridhia.

Naridhia, lakini si bure.

Kwanza niambie ukweli. Unahama kwa kuwa umeona kitu, au kwa kuwa wale madereva walikukatalia? Maana nilikuwepo. Nilimwona yule taniboi, msaidizi wa dereva, akiziba kamera kwa kiganja, na yule mwenye lori la buluu akikuuliza kama umetumwa na tajiri wake. Usiwalaumu. Mtu asiye na mkataba hawezi kutaka sura yake izunguke kwenye simu za watu ikisema mshahara unachelewa. Ikiwa unakimbia kukataliwa tu, basi jua kwamba wanaokula kwangu ndio haohao.

Lakini nahisi kuna kitu umekiona. Ulipokuwa ukijaribu sauti, ukaniambia nizungumze chochote, nami nikakueleza habari ya ile sufuria kubwa. Zamani nilikuwa nainjika sufuria mbili za maharagwe kabla ya adhana ya alfajiri. Mizigo ilipohamia kwenye reli, moja ikatosha, na ile kubwa nikaipindua ikawa kiti cha mteja anayengoja chapati. Ulikuwa umeikalia wewe mwenyewe. Ukainuka, ukaitazama, na kinasa sauti ukasahau kukizima.

Sasa hapo, mwanangu, malori usiyatupe. Wewe unadhani unaacha mambo ya bandari uje kwenye mapishi, kumbe ni jambo lilelile. Treni ya abiria ya reli mpya, SGR, ilianza 2017, ya mizigo mwaka uliofuata. Kontena likishushwa Kilindini, likawa linapakiwa behewani moja kwa moja hadi Embakasi, Nairobi. Dereva akawa anachukua mzigo Nairobi, na chai anainywea hukohuko. Zamani alikuwa akikaa hapa akingoja karatasi zake zitoke, na dereva anayengoja lazima ale. Mimi nilikuwa naishi kwa kule kungoja kwao. Ilipotoka amri ya 2019 kwamba makontena yapelekwe kwa reli, watu wakaandamana mjini siku za Jumatatu. Wewe ulikuwa shule, lakini karo ikichelewa ulijua. Septemba 2022 rais mpya akaagiza shughuli za kutoa mizigo zirudi Mombasa, na magari nikayaona tena. Sufuria kubwa lakini bado ni kiti, kwa sababu mteja aliyezoea kula kwingine harudi kwa tangazo.

Haya yote yanaingia kwenye filamu ya jiko bila ya kumleta mtu wa suti akusomee tarakimu. Hao wa suti tunawaona kwenye taarifa ya saa moja kila siku.

Mhadhiri wako mwandikie kabla hujaanza kupiga picha mpya. Usimpelekee habari ya "nimekwama". Mweleze umepata nini, na katika zile picha za zamani ni zipi utakazotumia na zipi utakazoacha. Mtu mzima akiona umefikiri, hata akikataa atakukataa vizuri.

Halafu kuna yule mzee. Ndiye peke yake aliyekupandisha kwenye kichwa cha lori lake, akakuonyesha kitanda kilicho nyuma ya kiti, birika lake, na msala uliokunjwa juu ya dashibodi. Akakusimulia pia habari za marehemu mkewe, ambazo mimi niliyemlisha miaka yote hii sikuwahi kuzisikia. Alikubali kuwa kwenye filamu ya madereva. Hakukubali kuwa kwenye filamu ya mama yako. Kwa hiyo nenda umwambie kwa mdomo wako, ana kwa ana, kwamba filamu imebadilika, na umuulize kama maneno yake ungali na ruhusa nayo. Akisema hapana, futa, hata kama ndiyo sehemu iliyokutoa machozi. Usimtume ndugu yako wala usimtumie ujumbe, maana miwani yake haisomi simu.

Na mimi nina yangu. Daftari la madeni usilipige picha, lina majina ya watu. Mteja anayekula asifuatwe na kamera mdomoni. Breki za upepo zikipiga, ziache zisikike, usiniambie nirudie sentensi kana kwamba hapa ni studio. Tena usinitilie kinanda cha huzuni. Nimeshaona filamu hizo, mwanamke anakanda unga, kinanda kinalia, watu wanamwonea huruma. Mimi sijaomba huruma. Chapati hizo ndizo zilizokununulia hiyo kamera, na kama ni ngumu kuliamini hilo, kaa siku moja upande wangu wa meza uhesabu pesa na mimi.

Njoo Jumamosi kwa basi la usiku. Yule mzee anapakia Jumapili, na akishapita mizani ya Mariakani hutampata tena mpaka arudi kutoka Malaba, mpakani na Uganda.

Mama yako