Barua kwa binti yangu: kabla hujatoa arbuni ya fleti ya Mtwapa

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Sisi hapa Mombasa tu wazima, mamako anakusalimu, na picha za fleti ya Mtwapa tumeziona wote. Vyumba vinapendeza, na nimefurahi kuona mshahara wa Nairobi unauwekea akiba. Lakini dalali akikupigia umpelekee arbuni, mwambie baba hajamaliza kuuliza.

Swali langu la kwanza si bei, ni ardhi. Wewe hukuiwahi nyumba ya babu yako kule Majengo. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili, vyumba sita na ukumbi katikati, yote aliijenga kwa jasho lake. Ila kiwanja hakikuwa chake. Ndizo hizo nyumba bila ardhi, Mombasa zimejaa mpaka leo. Kila mwanzo wa mwezi huja mtu na kitabu cha risiti, babu yako anamlipa kodi ya kiwanja akiwa amekaa kwenye baraza yake mwenyewe. Mwenye ardhi alipofariki, warithi wakauza, na aliyenunua akataka uwanja wake. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Mimi ndiye niliyemshikia babu yako ngazi akivua mabati, na kila msumari aliutia kwenye kopo la maziwa ili autumie tena.

Kwa hiyo ukiniambia "fleti yangu", nauliza karatasi inasemaje. Tangu sheria ya mwaka 2020 ya umiliki wa sehemu za majengo, mwenye fleti anaweza kupata hati yake, yenye jina lake, pamoja na fungu lake katika vitu vya pamoja kama ngazi, paa na kisima. Mwuzaji akikuonyesha hati ya kiwanja kizima tu, na ahadi kwamba yako itafuata, ngoja. Tafuta wakili wako mwenyewe, si wa kuletewa na dalali, aende kuichunguza kwenye sajili ya ardhi ya Kilifi, maana ukivuka daraja la Mtwapa umeshatoka kaunti ya Mombasa. Aangalie pia kama kuna benki inayokidai kiwanja.

Sasa hesabu. Dalali anasema bei milioni 4, kodi 25,000 kwa mwezi, basi faida asilimia 7.5. Nimekaa na kalamu. Ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4, yaani 160,000. Ongeza wakili, umefika kama milioni 4.2. Nyumba isipokaa tupu hata mwezi mmoja, kodi ya mwaka ni 300,000. Toa ada ya huduma 3,000 kila mwezi, mpangaji awepo asiwepo. Toa ushuru wa KRA, mamlaka ya mapato, asilimia 7.5 ya kodi yote kabla ya gharama (ilikuwa 10 mpaka mwisho wa 2023). Toa 20,000 za rangi na mabomba. Zinabaki kama 221,000, asilimia 5 na kidogo tu. Na hapo hujakopa! Ukichukua mkopo wa benki, marejesho yatameza kodi yote na kukudai zaidi.

Ile fleti ya zamani ya Bamburi uliyoipita haraka, mimi naipenda zaidi. Haina lifti, lakini ada yake ni ndogo na wapangaji wamo ndani.

Jumamosi nitazipitia zote mbili. Nitafika asubuhi mapema nione kama mikokoteni ya maji imepanga foleni getini, kwani wapangaji hawakai pale ambapo mfereji unatoa maji ya chumvi na sabuni haitoi povu. Nitakwenda na kipande cha sabuni mfukoni. Halafu nitarudi baada ya Magharibi nihesabu madirisha yenye taa.

Nitumie namba ya hati kabla ya Ijumaa.

Babako