Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mwaka 2025: Tumehamia Barabara Nyeupe

Ndugu wanachama,

Asalaam aleikum, na shikamooni wazee wetu. Vyama vya hapa Ufaransa vilivyoandikishwa kwa sheria ya mwaka 1901 vina desturi yake: mwenyekiti anaeleza mwaka ulivyokwenda, mhazini anasoma hesabu, kisha wanachama wanapiga kura. Hesabu mtazisikia kwa bibi mhazini, sitamtangulia. Mimi nina jambo moja, nalo ni barabara tunazopita na baiskeli zetu.

Mnaikumbuka safari ya Aprili. Niliipanga mimi, na nilikosea. Tuliteremka kwenye treni pale Dijon, baiskeli kumi na nne, tukaishika barabara kuu ya D974 kuelekea Beaune kwa sababu kwenye ramani ilionekana imenyooka na fupi. Mashamba ya mizabibu yalikuwa mkono wa kulia njia nzima na hakuna aliyeyaona, kwani kila mmoja alikuwa akisikiliza lori linalokuja nyuma yake. Sheria inamtaka dereva aache mita 1.5 anapompita mwendesha baiskeli nje ya mji, lakini lori halihitaji kukugusa. Upepo wake unatosha. Kabla ya Nuits-Saint-Georges mama mmoja alisukumwa hadi kwenye majani ya pembeni. Hakuumia, alhamdulillahi, ila alishuka akaikokota baiskeli yake mpaka stesheni, na watano wakamfuata.

Usiku ule niliifungua ramani upya. Juu kidogo tu ya barabara ile, pale mteremko unapoanza kuinuka, kuna njia ndogo ya D122 inayopita Fixin, Gevrey-Chambertin, Morey-Saint-Denis na Chambolle-Musigny hadi Vougeot. Muda wote tulikuwa tunakwenda sambamba nayo.

Ramani za Michelin huchora barabara kubwa kwa rangi nyekundu, za kati kwa njano, na zile ndogo kabisa huziacha nyeupe. Tangu Mei kamati ina sheria moja ya kupanga safari: nyekundu tunaivuka tu, hatuifuati, njano tunaifuata pale tu pasipo na budi, nyeupe ndiyo yetu.

Nchi ya mizabibu ina nyeupe tele, na sababu yake ni kazi. Kwenye Côte d'Or, mkoa wa Dijon na Beaune, ardhi imekatwakatwa vipande kwa karne nyingi, na kila kipande kina jina lake. Vipande hivyo 1,247, vinavyoitwa climats, viliingia kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2015. Romanée-Conti yenyewe, kipande chenye jina kubwa, haifiki hekta mbili. Clos de Vougeot ina hekta 50 hivi, lakini wenyewe ni kama 80, na kila mmoja lazima aifikishe trekta yake kwenye mistari yake. Ndiyo maana pana vijia vya lami kila upande ambavyo havifiki popote isipokuwa shambani, na mwenye gari la safari hana haja navyo. Utulivu tunaoufuata sisi umetengenezwa na wakulima kwa ajili ya kazi yao. Naomba kila mwanachama alikumbuke hilo anapoona trekta ndefu, ile inayopanua miguu juu ya mistari, inakuja mbele yake: sisi ndio tunaosogea pembeni. Ikiwa inanyunyiza dawa, tunasimama mbali upande unakotoka upepo, tunangoja imalize. Na hakuna kuingia katikati ya mizabibu kupiga picha.

Safari ya Juni ndiyo iliyonipa moyo. Tulitoka Lyon kwa TER, treni ya mkoa, hadi Mâcon, kwa makundi mawili, maana ndoano za baiskeli ndani ya mabehewa ni chache. Hapo tukaingia Voie Verte, njia ya baiskeli iliyojengwa juu ya reli ya zamani. Kipande chake cha Givry hadi Cluny, kilomita 44, kilifunguliwa mwaka 1997 na ndicho kilichokuwa cha kwanza cha aina yake Ufaransa. Treni haipandi mlima mkali, na ukiendesha hapo unaielewa hekima ya waliopima reli: unapanda dakika arobaini bila kujua kama unapanda. Mzee wetu wa miaka 71, ambaye Aprili alikuwa miongoni mwa walioikokota baiskeli, alikuwa mbele ya wote.

Baada ya Berzé-la-Ville tulifika kwenye handaki la Bois Clair, kilomita 1.6 ndani ya mlima. Nje palikuwa na joto la kuunguza shingo. Ndani baridi ilitupokea kama mlango wa friji uliofunguliwa. Vijana walianza kuimba na mwangwi ukawarudishia. Nawakumbusha wanaotaka kwenda wenyewe: majira ya baridi handaki hufungwa kwa sababu popo hulala humo, na wakati huo njia ni kupanda juu ya mlima. Popo wana haki yao, na kupanda kwenyewe si kurefu.

Cluny tulilala. Abasia yake, yaani nyumba ya watawa, ilianzishwa mwaka 910, na kanisa lake la tatu lilikuwa kubwa kuliko yote ya Kikristo mpaka lilipojengwa upya lile la Mtakatifu Petro kule Roma. Leo limebaki kipande kidogo tu. Asubuhi tulipita chini ya kilima cha Taizé, penye jumuiya ya watawa Wakristo, na wenzetu Wakristo wakaomba tupande. Jumuiya ile iliwahi kufanya mkutano wa vijana Nairobi mwaka 2008, na dada mmoja wa kwetu alikuwepo akiwa na miaka kumi na tisa. Hakuwahi kufika Taizé kwenyewe. Alikaa kanisani saa nzima tukimngoja chini ya miti, na hakuna aliyeangalia saa.

Kisha Cormatin, Saint-Gengoux-le-National, Buxy, Givry. Kutoka Chalon tukafuata mfereji wa Canal du Centre hadi Santenay, na mwisho Voie des Vignes, kilomita 22 za vijia vya shambani kupitia Chassagne-Montrachet, Puligny-Montrachet, Meursault, Volnay na Pommard mpaka Beaune. Kipande hiki si tambarare kama reli, kuna vilima vifupi vinavyochoma mapaja, lakini hapo mizabibu iko kulia na kushoto, karibu kiasi cha kuyasikia majani. Miche hupandwa kama 10,000 kwa hekta moja, imebanana. Siku tatu, na pancha mbili tu.

Maji. Mwaka huu tumejifunza kujaza chupa makaburini, na najua baadhi yenu hamkupendezwa. Kwetu mtu haendi makaburini kuteka maji ya kunywa. Lakini vijiji hivi Jumapili mchana na Jumatatu hufunga kila kitu, duka la mikate pamoja na mkahawa, na bomba la makaburini, lililowekwa kwa ajili ya kumwagilia maua, mara nyingi ndilo peke yake lililo wazi. Soma kibao: kikisema "eau non potable", hayo si ya kunywa. Ingia kwa adabu, vua kofia, jaza, toka. Anayeona uzito atabebewa na mwenzake.

Nije kwenye swali lililoulizwa mara nyingi zaidi mwaka huu: kwa nini chama ambacho nusu ya wanachama wake hawanywi divai kinaendesha baiskeli kwenye nchi ya divai? Jibu langu limo kwenye yale niliyokwisha kusema juu ya vijia. Tunafuata njia, vijiji na watu. Mkulima mmoja karibu na Buxy alipojua kuwa kundi letu lina Waislamu, aliwaletea juisi ya zabibu zake mwenyewe, baridi, akakataa malipo, akakaa nao kuuliza zabibu kavu za kwao huliwa na nini. Alielezwa pilau. Wanaoonja divai nao waelewe kwamba kiwango cha pombe ni kile kile cha wenye magari, gramu 0.5 kwa lita ya damu, na kamati imeamua kwamba kuonja ni baada ya kufunga baiskeli, jioni. Sitalegeza hapo.

Safari ya Septemba tuliifuta, na wengine mlinung'unika. Mavuno yalikuwa yamewahi. Beaune wana kumbukumbu za tarehe za kuvuna tangu mwaka 1354, na watafiti waliozichambua wameona kwamba tangu 1988 mavuno huanza mapema kuliko zamani kwa wastani wa siku 13. Kupita na baiskeli kumi na tano katikati ya watu walioinama tangu alfajiri, magari yao na matela yakiwa yamejaa kwenye vijia, ni kuwazibia kazi. Kuanzia sasa safari ya vuli itakuwa Oktoba, majani yakiwa ya dhahabu na vijia vikiwa vitupu.

Mwezi huo huo tulikusanyika kutazama mashindano ya dunia ya baiskeli kule Kigali, ya kwanza kufanyika Afrika. Yametuletea vijana sita, na nafurahi mno. Wameomba tuendeshe njia ya mbio za kushindana na saa, kila mmoja peke yake, za Tour de France ya mwaka 2024, kilomita 25.3 kutoka Nuits-Saint-Georges hadi Gevrey-Chambertin. Wanangu, siku ya mbio barabara hufungwa. Siku nyingine magari yapo. Waunde kikosi chao cha kasi, kamati itawasaidia, lakini safari za chama zitabaki kwenye nyeupe.

Kwa mwaka ujao napendekeza Entre-deux-Mers, mashariki ya Bordeaux, kwenye njia ya Roger Lapébie: reli nyingine ya zamani, zaidi ya kilomita 50 kupitia Créon na karibu na abasia ya La Sauve hadi Sauveterre-de-Guyenne. Lapébie alishinda Tour ya mwaka 1937, mwaka wa kwanza waendeshaji kuruhusiwa kubadili gia kwa kifaa kinachohamisha mnyororo, basi hata wazee wenye gia nyingi wasione haya.

Kura ni mbili: pendekezo hilo, na kununua mabegi manne ya keria kwa ajili ya wasio nayo. Daftari la kujiandikisha liko kwa katibu. Anayetaka mpira wake uangaliwe kabla ya majira ya kuchipua, alete baiskeli Jumamosi ya kwanza ya Machi. Mzee wetu wa miaka 71 ameahidi kuleta pampu na gundi.